Mwaka mmoja na nusu wa kusoma "Leo Katika Historia" redioni, na tarehe zilizoniumbua

Kuna kijana kanitafuta juzi, kapewa kipengele cha "siku kama ya leo" kwenye redio ya kwao huko, anataka nimpe listi ya matukio ya mwaka mzima aanze nayo. Listi sina. Nilikuwa nayo, mafaili kumi na mawili, faili kwa kila mwezi, nikayafuta kwa hasira usiku mmoja wa mwezi wa tano na nitasema kwa nini. Nilichobaki nacho ni makosa, na kwa kuwa yeye sio wa kwanza kuniuliza nimeona niyaandike yote hapa, ya kuchekesha na yale ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani ardhi ipasuke.

Nilianza Agosti mosi 2022, redio ndogo ya hapa Tanga, jina naliacha maana wenyewe wapo na mji ni huu huu. Kazi yenyewe kuielezea ni rahisi: kila asubuhi saa moja na robo, baada ya habari fupi na kabla ya tangazo la duka la mabati, unasoma dakika tatu za mambo ya kushangaza yaliyotokea tarehe hiyo. Jumatatu mpaka Jumamosi laivu, Jumapili inarekodiwa. Posho elfu sitini kwa mwezi, bando juu yako. Bando lenyewe lilikuwa linakula kama elfu kumi na tano, bodaboda alfajiri weka elfu ishirini na kitu, piga hesabu mwenyewe kilichobaki. Lakini nilikuwa nasikika mji mzima bwana, shangazi yangu Chumbageni anawaambia majirani "huyo wa historia ni wa kwetu", basi hela nikawa siioni kama tatizo.

Utaratibu wangu wa mwanzo ulikuwa huu, na najua wengi ndio wanavyofanya: usiku naingia mtandaoni, naandika tarehe, zinakuja orodha za Kizungu ndefu kama treni, nachagua matatu yanayochekesha, natafsiri, nalala. Wiki tatu za kwanza ikaenda vizuri. Tarehe 21 Agosti nikawapa ya jamaa aliyeiba picha ya Mona Lisa pale Louvre mwaka 1911 akakaa nayo zaidi ya miaka miwili, watu wakapiga simu wanacheka, prodyuza akanipiga bega. Nikajiona nimeshaijua kazi.

Jumamosi yake, tarehe 27, nikafika kwenye vita ya Unguja ya 1896. Hii ipo kwenye kila orodha duniani, "vita fupi kuliko zote", dakika 38. Nikaisoma kwa mbwembwe zote: ilianza saa tisa na dakika mbili alasiri, ikaisha saa tisa na dakika arobaini, chai ya jioni hata haijachemka! Hiyo ya chai niliiongeza mwenyewe, nikaona imekaa.

Simu ya kwanza ikatoka Makorora, mzee wa Kipemba. Hakugomba. Akasema, "Mwanangu, hiyo alasiri umeitoa wapi? Yule bwana kapewa mwisho saa tatu asubuhi, mizinga imeanza saa tatu na dakika mbili. Au wewe huna saa?" Studio nzima wakaangua kicheko na maiki iko wazi.

Umeshaelewa kilichotokea. Orodha imeandika 9:02, jicho likaona tisa, ulimi ukasema tisa, na mchana wa kizungu na asubuhi ya kizungu mimi usiku wa manane sikuvitofautisha. Mswahili mzima, nahesabu saa kutoka jua linapochomoza tangu darasa la kwanza, halafu naidanganya redio nzima kwa saa sita. Tangu siku hiyo kila saa nikiikuta kwenye maandishi ya Kizungu naiandika kwanza kama ilivyo, pembeni naandika ni asubuhi au mchana au usiku, halafu mstari wa chini ndio natoa sita au naongeza sita. Inaonekana kama utoto, lakini fanya, hasa kama unaandika usiku umechoka.

Ila yule mzee hakuishia hapo, jioni akanitumia voisi noti ya dakika kumi na moja, na ndio kwa mara ya kwanza nikaona umaskini wa zile orodha. Nikaenda kuyahakiki aliyoyasema na nikayakuta. Sultani Hamad bin Thuwaini kafariki tarehe 25 Agosti, Khalid bin Barghash akaingia kwenye kasri siku hiyo hiyo akajitangaza, Waingereza mtu wao alikuwa Hamoud bin Mohammed, wakampa Khalid mwisho wa kutoka, hakutoka, manowari zikaanza kupiga. Meli ya sultani, Glasgow, ikazamishwa palepale bandarini na milingoti yake ikabaki imechomoza majini miaka na miaka. Upande wa kasri waliokufa na kujeruhiwa wanakadiriwa mia tano, upande wa Waingereza kaumia baharia mmoja. Sasa hiyo ndio niliyokuwa naichekea na chai yangu. Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, Oktoba wakamvusha mpaka Dar es Salaam, akakaa huko mpaka Waingereza walipomkamata 1916 wakati wa vita kuu, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena, mwisho kafia Mombasa 1927. Dakika 38 za kwenye orodha kwake zimekuwa miaka 31.

Na hata hizo 38 zenyewe, ukisoma kwingine utakuta 40, kwingine 45, inategemea mtu kaanza kuhesabu kutoka wapi na kaishia wapi. Siku hizi nikikuta namba zinagombana nasema "kama dakika arobaini" naendelea na maisha, maana msikilizaji hatakudai zile mbili ila akija mwenye 45 yake mkononi utakosa la kumjibu.

Kosa la pili lilichukua muda kulielewa maana sikuambiwa ni kosa, niliona tu watu wanabishana. Oktoba hiyo nikaandaa ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman kule Kinshasa, 1974. Nikakuta ni tarehe 30 Oktoba, sawa, lakini kwenye gazeti moja la zamani la Marekani lililowekwa mtandaoni naona wanasema 29 usiku. Nikadhani wamekosea. Kumbe pambano lilianza kama saa kumi usiku saa za Kinshasa ili Wamarekani walione saa nne usiku kwao, na kwao ilikuwa bado tarehe 29. Sisi huku ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 30. Tukio moja, raundi nane, tarehe mbili. (Na lilikuwa lipigwe Septemba, Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini likasogezwa wiki tano, kwa hiyo bila ile ngumi ya mazoezini tarehe ingekuwa nyingine kabisa.)

Hapo ndio nikaanza kujiuliza kila nikishika tukio: hii tarehe ni ya nani? Ya waliokuwepo pale, au ya aliyeandika gazeti? Na sisi watu wa pwani tuna la kwetu juu ya hilo, maana kwa wazee siku inaanza jua likizama. Mtu akikuambia usiku wa Ijumaa hamaanishi Ijumaa usiku, anamaanisha Alhamisi jua likishazama. Nilishawahi kukosa maulidi kwa sababu ya hilo na bado sikujifunza. Kwa hiyo mzee akikusimulia jambo lilitokea usiku wa Ijumaa fulani, ukienda kwenye kalenda ya ukutani ukaweka Ijumaa, umeshampoteza. Mimi sasa naandika "usiku wa kuamkia tarehe fulani", maneno marefu lakini hayana ugomvi. Mapinduzi ya Zanzibar yenyewe ukiyasoma vizuri ni usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964.

Hii ilinilipa baadaye, Julai 2023. Orodha zote zinasema binadamu kakanyaga mwezini tarehe 20 Julai 1969. Kwa Marekani ni kweli. Ile ndege yao ilitua saa tano na dakika 17 usiku kwa saa zetu, bado tarehe 20, lakini Neil Armstrong kashuka ngazi saa kumi na mbili kasoro dakika nne alfajiri, na huku ilishakuwa tarehe 21. Nikaisoma tarehe 21. Prodyuza ananikodolea macho kwenye kioo anaonyesha kidole kimoja chini, yaani jana, nikamkazia. Mzee mmoja akapiga kutoka Muheza anasema ni kweli kabisa, alikuwa ametoka kuswali alfajiri, redio ya jirani inawaka, wakasikia. Raha niliyoipata siku ile siwezi kukueleza, elfu sitini nilihisi nimelipwa mara kumi.

Lakini nimeruka, turudi Aprili, maana wiki ile niliumbuliwa mara mbili na mtu mmoja, mwalimu mstaafu wa historia. Tarehe 23 nikasema Shakespeare na Cervantes walifariki siku moja, 23 Aprili 1616, ajabu iliyoje. Mwalimu akapiga kesho yake. Akaniuliza kwa upole wa kialimu ambao unauma kuliko matusi, "Uingereza mwaka huo walikuwa wanatumia kalenda gani?" Sikujua kama kalenda zilikuwa mbili. Akanipa somo nzima. Papa Gregori wa 13 alirekebisha kalenda mwaka 1582, Alhamisi tarehe 4 Oktoba ikafuatiwa na Ijumaa tarehe 15 Oktoba, siku kumi zikafutwa tu. Hispania wakafuata palepale, Waingereza wakagoma mpaka 1752, nao wakalala tarehe 2 Septemba wakaamka tarehe 14. Kwa hiyo 23 Aprili ya Shakespeare na 23 Aprili ya Hispania zimepishana siku kumi, na Cervantes mwenyewe inaelezwa kafariki 22, 23 ni maziko. Warusi walichelewa kuliko hata Waingereza, mpaka 1918, ndio maana Mapinduzi yao ya Oktoba walikuwa wakiyasherehekea Novemba na wewe ulidhani wamechanganyikiwa.

Ukishalijua hilo, nusu ya "maajabu" ya kwenye orodha yanakufa. Ile ya Newton kuzaliwa mwaka aliokufa Galileo, mfano: Galileo kafa Januari 1642 kwa kalenda mpya, Newton kazaliwa Krismasi ya 1642 kwa kalenda ya zamani, ukizileta zote kwenye kalenda moja Newton ni Januari 1643. Nilikuwa nimeshaiandaa hiyo, nikaitoa.

Siku tatu baadaye, 26 Aprili, nikajidai nimetulia, hii ni ya nyumbani siwezi kukosea. Nikasema leo ndio jina la Tanzania lilizaliwa. Mwalimu yule yule! "Kijana, Muungano ndiyo, jina bado." Tarehe 26 Aprili 1964 nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina la Tanzania limekuja tarehe 29 Oktoba mwaka huo. Miezi sita nchi haina jina tunalolijua na mimi nimesoma shule za hapa hapa. Nikamuomba namba yake. Hiyo ni hatua nzuri kuliko zote nilizofanya, nashauri na wewe: anayekukosoa kwa adabu usimkimbie, mpelekee skripti kabla. Mimi nilikuwa nampelekea za wiki nzima Ijumaa jioni, na kilo ya sukari mara moja moja.

Sasa Mei.

Tarehe 21 Mei 2023 iliangukia Jumapili, kwa hiyo nilirekodi Alhamisi, ili Ijumaa niende harusini Pangani. Tukio nililochagua ni Charles Lindbergh kutua Paris mwaka 1927, mtu wa kwanza kuvuka Atlantiki kwa ndege peke yake bila kutua, saa 33 na nusu hewani, na chakula chake sandwichi tano. Tukio zuri, halina shida. Shida ilikuwa mimi. Nilimalizia hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Mwenzenu kavuka bahari nzima peke yake, nyie kivuko tu mnashika tasbihi." Na fundi mitambo akaweka kile kicheko cha kompyuta.

Jumapili nipo Pangani naamshwa na simu. Namba siijui. Sauti ya mama mtu mzima, lafudhi ya Kihaya. Nikamwamkia, akaitikia. Akauliza, "Mwanangu, leo tarehe ngapi?" Nikamwambia tarehe 21, mama. Akanyamaza. Akauliza tena, "Mwezi wa ngapi?" Hapo ndio moyo ukaanza kunienda mbio na bado sijajua kwa nini. Nikasema wa tano. Akasema, "Mimi dada zangu wawili wapo Igoma." Akakata.

MV Bukoba. 21 Mei 1996. Kila Mtanzania wa umri wangu anaijua, mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka redio nyumbani ikipiga nyimbo za maombolezo na baba hasemi. Meli iliyotakiwa kubeba watu 430 ikapinduka na kuzama asubuhi karibu kabisa na Mwanza, mamia kwa mamia ya watu wakaondoka, na wengi wao wamelazwa makaburi ya Igoma. Naijua. Ninachosema ni kwamba naijua, ila niliandika "21 Mei" kwenye simu na orodha ikaniletea Lindbergh, na kichwa changu kikawa kimeshakabidhi kazi ya kukumbuka kwa orodha.

Nilirudi mjini siku hiyo hiyo kwa basi la mchana, harusi nikaiacha. Usiku nikaingia kwenye zile orodha kutafuta kama MV Bukoba ipo. Nyingi hazina kabisa. Moja niliyoikuta inayo, unajua imeiwekea nini? Kwamba alizama humo kigogo mmoja wa Al-Qaeda. Mtu mmoja yule ndiye kaifanya meli iingie kwenye historia yao, wale wengine wote ni mstari. Ndio usiku niliofuta mafaili yangu kumi na mawili. Sio kwa busara, kwa hasira tu, na baadaye nilijuta maana yalikuwemo mazuri.

Redio ilinisimamisha wiki mbili na posho ya mwezi ikakatwa nusu. Hilo sikulalamika. Nililolalamika moyoni ni kwamba walitaka niombe radhi kwa tangazo la maandishi lisomwe mchana na mtu mwingine. Nikakataa, nikawaambia nilikosea saa moja na robo, kwa sauti yangu, nitaomba radhi saa moja na robo kwa sauti yangu. Wakakubali kwa shingo upande. Niliposoma sikuweka historia yoyote, sikujitetea na harusi, nilisema nilichosema na nikasema samahani na nikasoma tarehe ya meli. Sekunde arobaini. Yule mama nilimpigia mara tatu siku zilizofuata, mara ya tatu akapokea. Tulizungumza kidogo. Yaliyobaki ni ya kwake.

Kwa hiyo kijana, kama unataka listi, anza na hii, na iandike kwa mkono kwenye daftari: siku za vilio za kwenu. Kabla hujatafuta la kuchekesha. Mimi langu lina MV Bukoba, lina meli nyingine zilizozama, Spice Islander tarehe 10 Septemba 2011 na Skagit 18 Julai 2012 maana nusu ya wasikilizaji wetu wana ndugu Unguja na Pemba, lina MV Nyerere 20 Septemba 2018, lina Oktoba 14 aliyofariki Mwalimu Nyerere. Halafu lina za mtaani ambazo huzikuti popote, ajali ya gari ya mwaka fulani, moto wa soko, hizo unazipata kwa kuuliza vijiweni. Siku ikiwa ndani ya daftari, kipengele kinabadilika sauti au kinakaa kimya, na prodyuza ajue mapema asije akabonyeza kicheko. Na usirekodi mbele zaidi ya siku moja. Jumapili sasa narekodi Jumamosi baada ya kipindi, basi, harusi itanisubiri.

Baada ya hapo kipengele kilibadilika chenyewe. Nilikuwa siziamini tena orodha kwa hiyo nikawa natafuta vitu vilivyo mdomoni kwa watu, na ajabu ndio vilivyopendwa. Kilichopigiwa simu nyingi kuliko vyote hakikuwa hata na mwaka: nilisema tu kwamba wiki ya Kiswahili ina tano mbili. Jumatano ni ya tano ukihesabu kutoka Jumamosi, na Alhamisi kwa Kiarabu maana yake hiyo hiyo ya tano, maana wao wanaanza Jumapili. Yaani tunamaliza tano ya kwetu tunaingia tano ya watu! Simu hazikukatika mpaka tangazo la mabati likarushwa saa mbili.

Nikafuatisha na miezi ya wazee, Mfunguo Mosi mpaka Mfunguo Tisa halafu Rajabu, Shaabani na Ramadhani, nikasema bibi yangu anajua kazaliwa Mfunguo Tatu, mwezi wa hija, ila mwaka anasema "wa nzige", wakati kitambulisho chake kinasema Julai mosi. Wacha watu wafurike. Kila mtu ana mzee wa Januari mosi au Julai mosi. Prodyuza alikuwa ananisumbua niweke na birthday za mastaa, nikamwambia Mzee Jomo Kenyatta mwenyewe tarehe yake ya kuzaliwa haijulikani, tuwaache mastaa wapumzike.

Na Novemba ikaja, ambayo kwa Tanga ina jambo lake. Mwaka wa kwanza nililipitia juu juu, "vita ya nyuki, 4 Novemba 1914", watu wakacheka tukaenda. Mwaka wa pili nikasema nalifanya sawasawa. Nilitumia wiki mbili, safari nne Raskazone kuangalia walikoshukia, na kahawa na kashata za wazee zilinitoka hela ambayo sitaitaja hapa mke wangu asije akaiona. Kwa kifupi: manowari ya Waingereza imefika tarehe 2, kapteni akashuka kuwaambia Wajerumani mji usalimu amri, na wakati wanajadiliana Wajerumani wanaleta askari kwa treni kutoka Moshi. Jeshi lililoshushwa lilikuwa kama watu elfu nane, wengi Wahindi waliokaa melini wiki nyingi, upande wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kama elfu moja, askari wengi wao Waafrika. Tarehe 4 ndio pambano lenyewe. Katikati ya risasi mizinga ya nyuki mitini ikachanguka na nyuki wakashuka, na nyuki hawakuchagua, waliwauma wa pande zote mbili, ila baadaye Waingereza wakawa wanasema ati Wajerumani waliwatega wale nyuki kwa kamba. Uzushi wa 1914, na bado unazunguka kwenye orodha mpaka leo kama ukweli. Waliposhindwa wakaacha nyuma bunduki, rashasha 16 na risasi laki sita.

Nilimleta studio mzee mmoja wa Barabara ya 7, Ngamiani, babu yake alikuwa mpagazi wa vita ile. Tarehe 4 Novemba 2023, Jumamosi, laivu. Nilikuwa na karatasi mbili za skripti. Sikusoma hata moja. Aliingia, akaiangalia saa ya ukutani ya studio, akauliza kwa sauti maiki zikiwa wazi kama ile saa imekufa au ni ya Kizungu, halafu akaichukua dakika yangu ya kwanza, ya pili, ya tatu, prodyuza akaonyesha mkono wa kuendelea, mabati wakasubiri dakika kumi na nne. Hakutaja tarehe hata moja. Alisema "mwaka wa Mjerumani", alisema "walipokuja na walipoondoka", alisema babu yake miaka yote hakukaa chini ya mti wenye mzinga.

Tulipotoka nikampakia kwenye bajaji. Akaniuliza kesho kuna nini kwenye historia, nikamwambia ndio narudi ndani kuirekodi: kesho tarehe 5, Waingereza wanapanda meli wanaondoka.

Akacheka mpaka akashika mlango wa bajaji. "Si waliambiwa! Tanga hii, waja leo waondoka leo."